Ukumbi wa Zimamoto

Nyuma ya bili ya umeme ya Januari
mama amechora mstari katikati:
huku tulicho nacho, kule tunachotaka.
Upande wa kule umejaa hadi ukingoni.
Upande wa huku una neno moja, nguruwe,
na alama ya kuuliza, maana bado ni mdogo.

Witold ni zimamoto wa kujitolea,
ndiyo maana ukumbi wa kituo tumepewa bure,
kwa sharti la kuupiga deki wenyewe
na kulitoa gari jekundu usiku huo,
likeshe uani, pua barabarani.
"Na moto ukizuka?"
"Wanaume wataondoka," akasema. "Na mimi pia."
Kama mtu anayetaja bei ya viazi.

Kwa padri tulikwenda Jumanne, matope hadi magotini.
"Toeni mlichojaliwa, wanangu."
Tukataja tulichojaliwa.
Akatazama theluji inavyoyeyuka dirishani,
kisha akatueleza, kwa upole,
maharusi wa mwezi jana walijaliwa kiasi gani.

Watu tisini. Mama anakata majina kwa kalamu ya risasi,
anamkata shangazi Wiesława wa Białystok,
usiku wa manane anawasha taa, anamrudisha.
Anamkata Ignacy, jirani wa ng'ambo ya kijito,
tuliyegombana naye kwa ajili ya uzio.
Huyo harudishwi.
Vodka ni nusu lita kwa kila kichwa, hilo halijadiliwi.
"Na watoto?"
"Watoto wana baba zao."

Gauni ni la binamu yangu Dobrosława.
Ndoa yake ilidumu miaka miwili,
lesi ingali nzima.
Pindoni kuna doa la mvinyo, nami nikasita,
nikasema labda lina mkosi.
Bibi Genowefa, pini tatu mdomoni, akanigeuza begani:
"Mkosi haukai kwenye kitambaa, mjukuu wangu.
Unakaa benki."
Siku hiyohiyo Witold alikuwa na fomu ya mkopo mfukoni,
kwa ajili ya bendi ya watu watano kutoka mjini.
Kukopa harusi, kulipa matanga.
Hatukusemezana siku nne.
Siku ya tano alikuja na mpiga kodiani wa kiwandani kwao,
kijana mwenye haya, anayejua nyimbo kumi na moja.

Basi tukaoana Septemba.
Nguruwe alikuwa amenenepa, Mungu amrehemu.
Mkate na chumvi tulipokewa navyo mlangoni,
supu ilitosha, kabichi ilibaki,
wimbo wa kwanza ulipigwa mara sita.
King'ora kililia saa nne na robo, keki ikiwa mezani.

Sijawahi kuona ukumbi ukimwagika hivyo.
Viti vikaanguka, tai zikabaki juu ya sahani,
mume wangu wa saa tano
akarukia gari na viatu vya kukodi.
Tukabaki wanawake, wazee na kodiani.
Bibi akasema, piga, mwanangu, unangoja nini?
Tukacheza wenyewe kwa wenyewe,
mama na mimi, kimya,
kila mmoja akisikiliza barabara juu ya bega la mwenzake.

Walirudi saa saba, weusi kama masufuria.
Lilikuwa ghala la majani, ng'ambo ya kijito.
Nyuma yao, kofia mkononi, mabua kwenye nywele,
Ignacy, hajui aingie au asimame.
Mama alimtazama kwa muda wa kuhesabu sahani.
Kisha akaenda kupasha supu.

Jumatatu tulipiga deki, kama tulivyoahidi,
Witold na ndoo, mimi na brashi.
Bahasha zilikuwa zimelipa vodka,
na padri, na nusu ya deni la bucha.
Masizi yalitoka karibu yote.
Unyayo mmoja umegoma, pale karibu na jukwaa,
kiatu cha kulia, namba arobaini na tatu.
Mwenye duka la viatu ametuandikia barua.
Hatujaifungua.